Kupima sakafu ya bahari kwa sona, Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye vikao vya BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe na uvuvi), kwenye madiko ya Msimbati, Mikindani na Kilwa Masoko, na ndani ya boti zenyewe tukisubiri maji yajae. Mengine nimeulizwa hata nisiweze kuhesabu. Mengine yaliulizwa kwa hasira, na aliyeuliza alikuwa na haki. Mimi ni mpimaji. Majibu ni yangu, na pale ambapo sisi wapimaji tumekosea nimesema hivyo.

## Mambo ya mwanzo

1. Sona inajuaje kina bila kugusa chini?

Hupiga sauti ndani ya maji, kisha husubiri mwangwi. Katika bahari yetu yenye joto, sauti hukimbia takriban mita 1,540 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Penye kina cha mita 20 sauti hutembea mita 40 kwenda na kurudi, na safari yote huchukua sekunde 0.026. Chombo kinapima muda huo, kinazidisha kwa kasi ya sauti, kinagawa kwa mbili. Basi.

Wazee walifanya kazi hiyohiyo kwa bildi, risasi nzito kwenye kamba yenye fundo kila pima moja. Bildi ilikuwa na jambo moja ambalo sona haina: ukiipaka kitu cha kunata, inapanda na mchanga au tope, unajua umesimama juu ya nini. Hadi leo tunashusha kikombe cha chuma kuchota sampuli, kwa sababu ileile.

2. Kuna sona za aina ngapi?

Kwa kazi hii, tatu. Ya mwali mmoja hupima chini ya boti tu. Ndiyo ndugu wa kile kifaa cha kutafutia samaki kilichofungwa kwenye boti nyingi za faiba siku hizi. Ya miali mingi hufungua sauti kama upepeo, ikapima mamia ya nukta kwa mpigo mmoja, kulia na kushoto. Ya pembeni huvutwa nyuma ya boti karibu na chini, na kazi yake kubwa ni picha, siyo kina. Weka kurunzi sakafuni usiku uone: kila kokoto hutoa kivuli kirefu. Sona ya pembeni huona kwa vivuli namna hiyo, ndiyo maana inagundua nanga, dema na mabaki ya mashua ambayo nyingine zinaweza kuyapita.

3. Visiwa vyetu ni sawa na vile visiwa vya kizuizi vinavyosomwa shuleni?

Kwa kazi vinayofanya, ndiyo. Kwa asili, siyo kabisa. Visiwa vya kizuizi vya vitabuni, kama vile Outer Banks vya Marekani, ni tuta refu la mchanga sambamba na pwani. Vyetu vingi, kuanzia Songo Mnara na Kilwa Kisiwani hadi Namponda kule Ghuba ya Mnazi, vimesimama juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, kisha mchanga na mikoko vikaongezeka. Ila wimbi linavunjikia nje, na ndani kunabaki maji tulivu yenye majani ya bahari ambamo vifaranga wa samaki hukulia.

Kwa mpimaji maana yake ni dunia mbili. Ndani kuna mafungu, tope na milango myembamba ambamo maji hukimbia kama mto. Nje sakafu inashuka ghafla. Unaweza kuacha maji ya mita kumi, na kabla hujamaliza kunywa chai kioo cha sona kinasoma mamia ya mita. Ni katika maji ya Kilwa, mwaka 2003, wavuvi walipovua silikanti, samaki wa kale aliyewahi kudhaniwa kuwa ametoweka duniani. Anapenda mapango ya miteremko ya kina kirefu, na miteremko hiyo ndiyo tusiyoijua vizuri.

4. Chati zipo tangu zamani. Kwa nini kupima tena?

Kwa sababu namba nyingi kwenye chati za pwani zilipimwa kwa bildi, na kati ya namba mbili hakuna aliyegusa. Mwamba unaweza kukaa hapo karne nzima bila kuandikwa. Pili, mchanga unahama. Mto Ruvuma unashusha mzigo wake kila masika, na dhoruba hupanga upya mafungu: kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 bado kinasimuliwa, na Hidaya ilitufikia Mei 2024.

Duniani kote hali siyo nzuri sana. Kufikia katikati ya 2024, mradi wa kimataifa wa Seabed 2030 ulihesabu kwamba takriban asilimia 26 tu ya sakafu ya bahari imepimwa kwa viwango vya kisasa. Na maji mafupi karibu na visiwa kama vyetu huachwa mara nyingi, maana meli kubwa za utafiti haziwezi kuingia.

## Kazi yenyewe

5. Mnakwenda mnarudi palepale siku nzima. Mmepoteza kitu?

Hapana. Upepeo wa sona unapanuka kadiri kina kinavyoongezeka. Ukifunguka nyuzi 120, penye mita 30 unafunika ukanda wa zaidi ya mita 100, lakini penye mita 5 unafunika kama mita 17 tu, na lazima kila mstari upandane kidogo na jirani yake. Kilomita moja ya mraba penye mita 5 inataka mistari zaidi ya sabini. Kwa mwendo wa noti tano (karibu kilomita 9 kwa saa) ni karibu saa nane bila kuhesabu kugeuza. Eneo hilohilo penye mita 30 linaisha kwa saa moja na nusu. Maji mafupi ndiyo yanayokula siku na mafuta.

6. Boti la upimaji limekata jarife langu. Nifanye nini?

Piga picha ya kamba ya wavu palipokatika, andika saa, mahali, na jina au namba ya boti, kisha peleka taarifa kwa BMU na kwa afisa uvuvi siku hiyohiyo. Usisubiri kesho. Kila boti la upimaji linahifadhi njia lililopita kwa sekunde, kwa hiyo ukweli upo kwenye kompyuta yao. Omba uonyeshwe.

Niseme lililotupata. Katika kazi moja niliyokuwemo, kampuni iliyotuajiri ilipeleka barua ya taarifa wilayani, haikufika kijijini. Asubuhi ya kwanza sona ya pembeni ikazoa jarife. Mwenyewe akaja na ngalawa, mtu mzima mwenye mvi, akaokota mwisho wa kamba uliokatika, akauinua juu tuuone. Hakusema neno. Jarife lililipwa baada ya miezi minne, na miezi minne ni msimu mzima wa mtu. Tangu hapo siendi baharini kabla sijasimama dikoni jioni ya kuamkia kazi na karatasi ya mistari mkononi. Wenye mashamba ya mwani, akina mama hasa, nao waonyeshwe, kwa kuwa vigingi vyao viko kwenye maji tunayoyataka wakati wa kujaa.

7. Mbona kusi ikianza mnafunga virago?

Boti likiyumba, upepeo wa sauti unayumba nalo. Kipo kifaa kinachorekodi kila mlalo na mnyanyuko ili kompyuta isahihishe, lakini mawimbi pia huingiza mapovu chini ya kichwa cha sona, na sauti haipenyi mapovu. Maleleji, yaani kipindi cha pepo kugeuka, na siku tulivu za kaskazi ndizo zetu.

8. Kile kifaa mnachoshusha kwa kamba kila baada ya muda ni cha nini?

Kinapima kasi ya sauti kuanzia juu hadi chini. Maji ya moto, ya chumvi na ya kina hupitisha sauti kwa kasi zaidi. Maji baridi au ya mto huichelewesha. Sauti ikivuka kutoka tabaka moja kwenda jingine kwa mshazari, inapinda, kama kasia linavyoonekana limevunjika ukilichomeka majini.

Usipoijua kasi hiyo utapata ramani nzuri ya uongo. Nimeliona hilo karibu na maingilio ya Ruvuma baada ya mvua. Maji matamu ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yametandaza juu ya maji ya chumvi, nasi tulikuwa tunatumia kipimo cha asubuhi kilichochukuliwa mbali na hapo. Kwenye kioo, sakafu ya mchanga iliyo tambarare ikajikunja pembeni, mstari baada ya mstari, kama nyungo zilizopangwa sokoni. Mwanafunzi tuliyekuwa naye akafurahi, akadhani amegundua mabonde. Tukashusha kifaa upya, tukaingiza namba mpya, mabonde yakatoweka. Ukiona ramani yenye mifereji iliyonyooka inayofuata njia ya boti, uliza kasi ya sauti ilipimwa lini na wapi.

## Namba na maji

9. Nahodha anasema hapa pana pima tatu, ramani inasema mita 2. Nani mkweli?

Wote wawili, na hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aondoke nalo. Pima tatu ni karibu mita tano na nusu. Nahodha amepima maji aliyoyakuta. Ramani imepima maji yatakayobaki yakipwa kabisa, wakati wa bamvua kubwa (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), kwa makusudi, ili atakayeitumia asidanganyike. Kiwango hicho cha chini ndicho sifuri ya chati. Pwani yetu, maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku. Mita 2 za chati ukiongeza mita tatu na nusu za maji kujaa, umefika kwenye pima tatu za nahodha.

Kwa hiyo namba ya kina bila kusema maji yalikuwa wapi ni namba tupu. Tunapopima tunaweka kipimo cha maji ufukweni au gatini kinachoandika kupanda na kushuka dakika kwa dakika, kisha kila nukta inarudishwa kwenye sifuri moja. Siku kipimo hicho kikizimika, kazi ya siku imekufa, hata kama sona ilifanya kazi vizuri.

Namba iliyopigwa mstari chini yake kwenye chati haimaanishi kina. Ni kimo cha fungu au mwamba unaotoka nje maji yakipwa. Wengi wameisoma kinyume, wakakaa juu ya mwamba hadi maji yaliporudi.

10. Usahihi wake ni wa kiasi gani?

Shirika la Kimataifa la Hidrografia limeweka viwango. Penye kina cha mita 10, kazi ya bandarini ambako chini ya meli panabana hairuhusiwi kukosea zaidi ya takriban sentimita 26, na upimaji wa kawaida wa maji mafupi takriban sentimita 52. Hiyo ni kwa vipimo 95 katika kila 100.

Makosa mengi hayatoki kwenye sona. Yanatoka kwa watu. Mimi niliwahi kujaza mafuta na maji ya kunywa asubuhi, boti likazama zaidi kidogo, nami nikasahau kuandika kimo kipya cha kichwa cha sona. Ramani nzima ya siku ile ilisoma pungufu kwa sentimita 12. Tuligundua kwa jaribio la bamba: bamba la chuma linateremshwa kwa mnyororo uliopimwa, mita 3 chini ya maji, na kioo lazima kisome 3. Kilisoma 2.88.

## Samaki, nyangumi na gesi

11. Sona inafukuza samaki?

Sona za maji mafupi hupiga sauti ya kilohezi 200 hadi 400 (kilohezi moja ni mitetemo elfu moja kwa sekunde). Samaki wetu wengi husikia sauti nzito za chini ya kilohezi chache tu, hivyo mlio huo kwao haupo. Mashine ya boti wanaisikia, na huhama kidogo kama wanavyohama boti lolote likipita. Boti likipita mara sabini mahali pamoja (tazama swali la 5), siku hiyo usitegemee mshipi wako hapo. Kwa hilo malalamiko yenu ni ya kweli.

12. Na pomboo na nyangumi?

Pomboo husikia hadi kilohezi 150 hivi, kwa hiyo sona ya kilohezi 400 iko juu ya masikio yao, na ya 200 iko karibu na ukingo. Sona za bahari kuu ni habari nyingine. Hupiga kilohezi 12, kwa nguvu, na sauti hiyo husafiri mbali. Mwaka 2008, jirani zetu wa Madagaska waliona nyangumi wadogo jamii ya pomboo wapatao 100 wakiingia katika ghuba ya Loza na wengi kufa. Jopo huru la wanasayansi lilitoa ripoti mwaka 2013 likisema sona ya miali mingi ya kilohezi 12 iliyokuwa ikitumika nje ya pwani ile ndiyo ilikuwa kisababishi kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli. Mtu akikuambia sona zote hazina madhara, mtajie Loza. Nyangumi wenye nundu hupita kwetu kuanzia karibu na Julai hadi Oktoba, na miezi hiyo mwangalizi wa wanyama anapaswa kuwemo botini kwenye kazi yoyote ya maji marefu.

13. Mnatafuta gesi kwa siri?

Sona ya ramani haiwezi kuona gesi iliyo ndani ya miamba, kilomita kadhaa chini ya sakafu. Inaweza kuona mapovu yakivuja au mashimo yaliyoachwa na mapovu hayo, basi. Gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982 zilipatikana kwa kuchimba visima, baada ya miamba kupimwa kwa mitetemo. Baharini mitetemo hiyo hupigwa kwa mizinga ya hewa iliyoshindiliwa, inayovutwa nyuma ya meli pamoja na nyaya za kilomita nyingi. Ukiona boti la mita nane likienda na kurudi karibu na kisiwa, hiyo siyo kazi ya gesi.

Naelewa shaka inatoka wapi. Watu wa Mtwara wameona mengi yakipimwa na kuondoka. Dawa yake ni kuonyeshwa data yenyewe, na hilo liko kwenye swali la 15.

## Ramani ni ya nani

14. Vibali vinatoka wapi?

Utafiti unapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Maji ya bandari yako chini ya TPA, mamlaka ya bandari. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, unahitaji pia ridhaa ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari. Barua ya kijiji inakuja mwisho kwenye orodha za wengi. Mimi ningeiweka mwanzo.

15. Kijiji kinaweza kupewa ramani?

Kiombe kabla ya kazi kuanza, kwa maandishi, na ombi liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Boti likishaondoka ni vigumu. Ombeni vitu vitatu: ramani iliyochapishwa kwa ukubwa wa kubandika ukutani, yenye kina kwa mita na kwa pima, majina ya miamba na milango kama mnavyoyaita ninyi, na faili la namba zenyewe likabidhiwe shule au ofisi ya kata.

Majina yana uzito. Kwenye meza moja huko Kilwa tulitandaza ramani tuliyoisifu sana. Manahodha wawili wakaweka vidole juu ya mwamba mmoja, kila mmoja akautaja kwa jina lake, wakabishana nusu saa. Mwishowe tukajua ni miamba miwili. Kompyuta ilikuwa imeilainisha ikawa mmoja. Tulirudi kupima, na walikuwa sahihi.

16. Mkichapisha ramani, wapiga baruti na wageni si watajua miamba yetu?

Hofu hii naiheshimu. Pwani hii imeumizwa na baruti, na kwenye picha za sona makovu yake yanaonekana: mashimo ya mviringo yenye kifusi cha matumbawe yasiyosimama tena. Ninachofanya ni kutenganisha. Kina cha milango na njia za vyombo kitolewe kwa wote kwa sababu kinaokoa maisha. Ramani ya kina kamili ya mazalia ya samaki ibaki kwa BMU, hifadhi na watafiti, na kijiji ndicho kiamue nani mwingine aione. Wapo wenzangu wanaosema data yote iwe wazi. Hawajakaa Msimbati.

## Mambo ya pembeni

17. Sona inatofautisha tumbawe hai na lililokufa?

Hapana. Inatofautisha kigumu na laini, kinachoparuza na kilicho tambarare. Uhai unathibitishwa na mzamiaji au kamera.

18. Tumeona umbo kama jahazi la kale. Tuopoe?

Msiguse. Mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na maji ya Kilwa yamebeba biashara ya karne nyingi. Chukueni nukta ya GPS, wapeni taarifa maofisa wa mambo ya kale. Mbao iliyokaa majini miaka mia ikitolewa juani hupasuka kwa siku chache. Kikiwa ni kitu cha chuma chenye umbo la bomu au kombora la mzinga, ondokeni hapo, iteni polisi.

19. Kwa nini msitumie satelaiti?

Tunaitumia. Penye maji maangavu, picha za satelaiti hukadiria kina hadi mita 15 au 20 hivi, kwa kosa kubwa kuliko la sona, na ni njia nzuri ya kujua pa kuanzia. Kwenye maji ya tope ya Ruvuma au ndani ya mikoko haioni chochote.

20. Programu ya simu yangu inaonyesha kina. Naweza kuingia nayo usiku kwenye mlango wa Namponda?

Usijaribu. Programu nyingi za bure hutumia ramani ya dunia ambayo kila mraba wake una upana wa karibu mita 450, na mraba mzima hupewa namba moja. Mlango mzima, kingo zake mbili na mwamba ulio katikati vinaweza kumezwa na mraba mmoja ulioandikwa mita 12, na huenda namba hiyo imekisiwa tu. Subiri mchana maji yakiwa yanajaa, ili ukikwama yakunyanyue, mweke mtu omoni aangalie rangi ya maji, na ufuate faiba ya mwenyeji.